KUTOKA NGUMBARU HADI CHUONI: HISTORIA YA AKINA MAMA WANAOSOMA UKUBWANI



Tumefikisha miaka kumi tukiwa bado na sanduku letu, kufuli zake tatu na umoja wetu. Kamati ya sherehe imenipa kurasa hizi niandike historia. Habari za hisa, mikopo na hesabu za kila mzunguko ameziandika mweka hazina kwenye kurasa zake, nami sitazigusa maana yeye ndiye mwenye daftari. Mimi nimechagua jambo moja ambalo limetupa furaha na pia limetugombanisha, nalo ni habari ya mama mtu mzima aliyeishia darasa la saba, anayetaka kusoma mpaka aingie chuo.

Nitaanzia mbali kidogo. Wengi wetu tunadhani jambo hili limeanza juzi, na wengine wanadhani limeanzia kwenye kikundi chetu. Jamani, halikuanza kwetu. Nchi hii imelijaribu kwa zaidi ya miaka sitini, na ukiifuata njia hiyo toka mwanzo utaona kuna mahali pamoja ambapo akina mama wanakwama kila mara. Si kwenye kusoma. Ni pale kati, baada ya kujua kusoma na kabla ya kuingia chuo. Hapo kati ndipo ninapotaka tupaangalie, kwa sababu mkutano mkuu wetu unatakiwa kupiga kura kuhusu mfuko wa elimu, na mtu asipige kura bila kujua tulikotoka.

ENZI ZA NGUMBARU

Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni Dar es Salaam. Mama mmoja Mwingereza, Joan Wicken, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alifanya kazi kubwa ya kutafuta fedha za kukianzisha. Kivukoni kilikuwa chuo cha watu wazima. Hukuulizwa kwanza cheti cha sekondari, uliulizwa kazi uliyokuwa unaifanya. Walikwenda viongozi wa chama, wa vyama vya wafanyakazi na wa ushirika. Sasa hesabu mwenyewe ni akina mama wangapi walikuwa na vyeo hivyo mwaka 1961. Bibi Titi Mohamed alikuwepo, naye aliongoza UWT ilipoanzishwa mwaka 1962, lakini akina Bibi Titi hawakuwa wengi. Chuo hicho bado kipo, na toka mwaka 2005 kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Kwa wananchi wa kawaida mambo yalianza baadaye. Mwaka 1967 ilionekana kwamba kati ya watu wazima mia moja, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu alihutubia Taifa akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya sita, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Kilimanjaro, zilipewa kazi ya kuufuta ujinga kabla ya wilaya nyingine. Kisha ikawa nchi nzima.

Wale wa rika langu wanakumbuka. Madarasa ya ngumbaru yalikuwa chini ya mwembe, kwenye ofisi za kijiji, kanisani, popote penye kivuli. Mwalimu anaweza kuwa mtoto wa jirani aliyemaliza darasa la saba. Vitabu vilifundisha kusoma kwa habari za pamba, ndizi, uvuvi, mifugo na maarifa ya nyumbani, ndiyo maana kikaitwa kisomo chenye manufaa. Waliojaa darasani walikuwa akina mama. Mama yangu alikwenda saa tisa alasiri, na alipotoka huko alifika nyumbani akasoma kwa sauti maandishi ya kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Tulicheka sana, naye hakujali.

Redioni nako kulikuwa na kampeni. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya, ambapo watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza, wakasoma kijitabu, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Agosti mwaka huo huo ukafanyika mtihani wa kisomo wa nchi nzima, na ikaonekana wasiojua kusoma wamepungua kutoka 67 hadi 39 kwa kila mia. Waliendelea kupungua, na kufikia mwaka 1986 ilisemwa kuwa wamebaki chini ya 10. Nchi chache duniani zilifanya hivyo kwa muda ule, tena zikiwa maskini kama sisi.

Ninasifu, na ninasifu kwa moyo wote. Lakini hebu tujiulize: mama aliyefaulu hatua ya nne ya kisomo mwaka 1977 alikwenda wapi? Alipewa cheti, akapigiwa makofi, akarudi shambani. Kwa wengi ngazi iliishia hapo. Kisomo kilikuwa kwa Kiswahili na kwa mambo ya kijiji. Sekondari ilikuwa kwa Kiingereza na kwa watoto. Kati ya hivyo viwili hapakuwa na daraja la kumvusha mama mwenye watoto wanne.

BARUA YA MWAJIRI

Serikali ililiona pengo hilo, tusiseme haikuliona. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilifunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kimoja ni Bigwa, hapa hapa kwetu Morogoro. Mtu mzima alikwenda akajifunza ushonaji, useremala, kilimo, ufugaji au upishi, akarudi kijijini na ujuzi mkononi. Vyuo vile vilifanya kazi nzuri. Tatizo lake ni kwamba mwanzoni vilikusudiwa umrudishe mtu kijijini, havikukusudiwa kumpandisha chuo kingine. Ukitoka pale unajua kushona suti, lakini cheti cha kukuingiza chuo cha juu zaidi huna.

Na chuo kikuu je? Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma. Lilisema mtu asitoke kidato cha sita akaingia moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, athibitishwe na mwajiri na chama chake, ndipo aende. Kwa upande mmoja lilikuwa jambo jema, maana liliwafungulia mlango watu wazima waliokuwa kazini. Lakini ndani ya muda mfupi ikaonekana idadi ya wanawake chuo kikuu imeshuka. Msichana aliyepelekwa kazini kwanza aliolewa, akazaa, na mlango ukamfungia nyuma yake. Mwaka 1976 ikabidi wasichana waondolewe sharti lile.

Mimi hupenda kulitaja jambo hili kila linapokuja suala la masharti ya kikundi. Waliotunga azimio hawakuwa na nia mbaya kwa wanawake. Walitunga sharti moja kwa wote, wakasahau kwamba mama wa nyumbani hana mwajiri wa kumwandikia barua. Nani angeniandikia mimi? Mume? Mbuzi?

Kuna kundi moja lililovuka vizuri zaidi, nalo ni walimu wa UPE. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977 walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku huku vijijini kwa vitabu vya posta, kwa redio na kwa walimu wasimamizi. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Watu waliwadharau kwa jina lile la UPE, lakini ndio waliotufundisha wengi wetu. Miaka ya baadaye walipotakiwa kujiendeleza mpaka kidato cha nne, wengi wao, wakiwemo akina mama wa miaka arobaini na zaidi, walikaa kwenye dawati wakafanya mtihani pamoja na watoto waliowafundisha wenyewe. Walivuka kwa sababu mshahara uliendelea kuingia, kazi ilikuwa ile ile wanayoisomea, na walikuwa wanasoma wakiwa nyumbani kwao. Tuyaweke akilini hayo mambo matatu. Mama muuza mboga hana hata moja.

MIAKA ILIPOBADILIKA

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1985. Enzi zile kuchaguliwa kwenda sekondari ya Serikali ilikuwa kama kuokota dhahabu, nafasi zilikuwa chache na ziligawanywa kwa mafungu ya mikoa na wilaya, hivyo hata ukifaulu unaweza kubaki. Tuliobaki tuliolewa au tulikwenda mjini. Ndio sisi tuliojaa kwenye vikundi hivi leo. Kwa hiyo mtu akisema "hawa ni watu walioshindwa shule," mwambieni hapana, wengi tulishindwa nafasi.

Miaka ya 1990 hali ikawa ngumu, watu wakaanza kuchangia gharama, madarasa ya watu wazima yakafa moja baada ya jingine na ujinga ukaanza kurudi. Lakini katika miaka hiyo hiyo mibaya ndipo ilipotungwa sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, mwaka 1992, na mwaka 1994 kikazinduliwa rasmi. Hicho ndicho kilichosema mtu asome akiwa kwake, akiwa kazini, kwa vitabu vinavyomfuata alipo. Mwaka huo wa 1994 ikatungwa pia sheria ya VETA, ambako aliyemaliza darasa la saba anaweza kujifunza ufundi. Siku hizi VETA wana pia urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Mwenzetu fundi cherehani alipousikia mpango huo alisema, "Kumbe miaka ishirini niliyokaa kwenye mashine ina jina!"

Na Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata mimba, waruhusiwe kurudi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo msichana aliyepata mimba alikuwa ameachana na shule ya Serikali. Mabinti zetu wengine sasa wanasoma katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na wengine wamekwenda Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, ambao umewapa hata mahali pa kuwaacha watoto wakati mama yupo darasani. Jina hilo ni la zamani. Katika miaka ya 1970 lilikuwa jina la gazeti la wasomaji wapya kule Mwanza. Mtu aliyeweka chumba cha watoto ndani ya chuo, huyo mimi namvulia kilemba, maana ameelewa.

KIZINGITI CHENYEWE KIKOJE

Nieleze sasa njia ilivyo leo kwa mtu wa darasa la saba, maana wengi huniuliza na wengine wanaona aibu kuuliza.

Kwanza unafanya Mtihani wa Maarifa, huu watu wanaouita QT, ambao ni kama umepita kidato cha pili. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote hufanyika Novemba. Kwa hiyo hata uwe na akili namna gani, ni Novemba mbili. Ukipata ufaulu wa masomo manne, hata kama ni D, kozi nyingi za astashahada zinakupokea. Lakini ukitaka uuguzi au utabibu lazima ziwemo Bailojia na Kemia, na hapo ndipo wenzetu wengi huchoka.

Kiingereza nacho. Mwenzetu mmoja aliyejua habari za usanisinuru toka darasa la saba alifungua kitabu cha kidato cha kwanza akakuta yale yale, ila hayaitwi hivyo tena. "Mwenyekiti," akaniambia, "majani ni yale yale, jua ni lile lile, lakini mimi sipo." Alikaa mwaka mzima akijifunza maneno tu. Watu wanasema watu wazima vichwa vizito. Kichwa si kizito, kimebebeshwa lugha na somo kwa pamoja saa kumi na mbili jioni baada ya kutoka sokoni.

Na hiyo saa yenyewe! Masomo ya jioni huanza kati ya saa tisa na saa kumi. Kwa mwenye ofisi ni saa nzuri. Kwa mwenye genge la mboga ndiyo saa ya kuuza, watu wanatoka kazini wanapitia mchicha na nyanya. Ukienda darasani umekosa mauzo ya siku. Kwa hiyo mama anayesoma anapata hasara kila siku anayohudhuria, na hii hasara haiandikwi kwenye fomu yoyote ya ada.

Halafu ipo Januari. Usajili wa QT na wa kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, na ukichelewa unalipa zaidi. Ada yenyewe si kubwa sana. Lakini Januari jamani! Sikukuu zimekwisha, mashamba yanataka mbegu, watoto wanataka sare, viatu, madaftari na michango. Toka mwaka 2016 ada ya sekondari ya kutwa imeondolewa, ni kweli na tunashukuru, lakini sare hazikuondolewa. Mama mwenye fedha ya kitu kimoja Januari hatajisajili yeye amwache mtoto bila viatu. Anasema "mwakani." Nimesikia "mwakani" hiyo kwa mwenzetu mmoja mara nne mfululizo.

Ukishavuka yote hayo inabaki ada ya chuo. Bodi ya Mikopo ilianza kufanya kazi mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa shahada. Toka mwaka wa masomo 2023/24 imeanza pia kukopesha baadhi ya kozi za stashahada. Mwenzetu wa astashahada, yaani ngazi ya chini kabisa ambako sisi ndiko tunakoingilia, hayumo.

SISI NA SANDUKU LETU

Tulipoanza mwaka 2015 hatukuwa na wazo la shule. Tulikuwa na hisa, mikopo na mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Aliyeleta habari ya shule ni muuza mboga wa soko la Mawenzi, ambaye aliomba mkopo na pale kwenye "sababu ya mkopo" akaandika "mtihani". Mtunza nidhamu akauliza mtihani ni biashara gani. Kikao kilikwenda mpaka jua likazama. Mwishowe akapewa, kwa masharti yale yale ya mikopo ya biashara.

Kilichomvusha yule dada, kwa maoni yangu, si mkopo. Ni kwamba jirani yake wa gengeni, mwanachama mwenzetu, alimshikia genge kila jioni, akiuza mboga zake na za mwenzake, na fedha anamwekea kwenye kopo tofauti. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Wao wenyewe waliongea. Yule dada alifeli Hisabati mara ya kwanza na ya pili, lakini alipata masomo yake manne mengine, akasoma astashahada ya maendeleo ya jamii.

Baada yake wakafuata wengine. Kwa jumla waliojisajili QT toka kikundi hiki ni saba, na waliofika chuo ni watatu. Najua wapo watakaosema watatu ni wachache. Mimi naona ni wengi kuliko sifuri ya miaka yote ya nyuma.

Lakini lazima nimtaje yule ambaye hakufika, maana yeye ndiye aliyeleta mfuko. Mwenzetu huyo anapika chakula na kuuza. Alifaulu QT, akafaulu kidato cha nne kwa mara moja, Bailojia na Kemia zikiwemo, tena kwa kusomea jikoni usiku. Akapata nafasi ya chuo cha afya mkoa mwingine. Chuo kikataka alipe nusu ya ada kabla ya kuripoti. Akaja kwetu. Kanuni yetu, kama ya vikundi vingi vya namna hii, ilisema mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Na hisa zake zilikuwa chache kwa sababu miaka miwili ile alikuwa anasoma badala ya kuuza! Mnaona mambo yalivyokaa? Aliyefanya biashara tu ndiye angeweza kukopa ada ya chuo, na aliyesoma hakuweza. Ni barua ya mwajiri ile ile ya mwaka 1974, ila safari hii imeandikwa na akina mama wenyewe. Muda ukapita, nafasi ikachukuliwa na mtu mwingine. Cheti chake cha kidato cha nne kimetundikwa ukutani pale anapouzia chakula, na wateja humuuliza ni cha nani.

Mwaka 2019 ndipo tukaanzisha mfuko wa elimu, kwa kutenga sehemu ya kumi ya faida ya mikopo pamoja na faini zote za kuchelewa kikao. Tukasema mkopo wa mfuko huu hautapimwa kwa hisa. Unapimwa kwa barua ya usajili au barua ya chuo, na wadhamini wawili toka ndani ya kikundi. Zamu za kushika genge na kulea mtoto nazo tukaziandika kwenye daftari, isiwe huruma ya mtu mmoja tu.

UGOMVI WETU

Sasa nije kwenye kinachotugombanisha, maana kijitabu cha sherehe kikisifu tu hakuna atakayekiamini.

Wenzetu kadhaa wanataka mfuko ufungwe na ile sehemu ya kumi irudi kwenye gawio la Desemba. Wana hoja, na nitaziandika kama wanavyozisema. Ya kwanza, kwamba tunasomesha watu waondoke. Ni kweli mmoja wa wale watatu amepata kazi Singida na hanunui hisa tena kwetu. Ya pili, kwamba wawili walioishia QT hawajamaliza kurejesha. Hiyo pia ni kweli, na mweka hazina ana haki ya kununa. Ya tatu inasemwa chini chini: kwamba aliyesoma akirudi atatutawala. Hii ya tatu mimi siijibu.

Kwa ya kwanza nasema hivi. Yule wa Singida amemaliza deni lake, alikuwa anatuma kwa simu kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, jambo ambalo baadhi yetu tunaokaa hatua kumi toka kwenye sanduku hatulifanyi. Kuondoka kwake si hasara ya mfuko. Mfuko haukununua mtu. Na wa pili yupo bado, ndiye aliyetusomea na kutueleza fomu zote tulipotakiwa kujisajili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakati vikundi jirani vilimlipa mtu kuwajazia. Wa tatu bado yupo chuoni.

Kwa hoja ya madeni nakubali kwamba kanuni irekebishwe. Kamati itapendekeza mkutanoni kwamba mkopo wa usajili wa Januari, ambao ni mdogo, ubaki bila kupimwa kwa hisa na urejeshwe ndani ya miezi kumi. Lakini mkopo wa ada ya chuo utolewe kwa awamu, moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na wadhamini wawe watatu badala ya wawili. Anayefeli mtihani asidaiwe faini, adaiwe kile alichokopa tu. Kuna wanaotaka pia mikopo itolewe kwa wenye umri chini ya miaka arobaini na tano. Hapo mimi nitapiga kura ya hapana, na nawaambia mapema ili msije mkashangaa. Tukiweka umri, tutakuwa tumewafungia mlango wale wale wa mwaka 1985 ambao walishafungiwa mara moja.

Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu baada ya sherehe, kwa siri, kila mwanachama karatasi yake. Wasiojua kuandika vizuri wataweka alama, na katibu hatasimama karibu na sanduku la kura.

Matokeo ya kura yoyote yatakayokuwa, waliokwisha kukopeshwa wataendelea na masharti yao ya zamani. Na wanaotaka kujisajili QT au kidato cha nne Januari ijayo waonane na katibu kabla hatujavunja mzunguko wa Desemba, ili fedha zao zikae pembeni kabla ya kuingia kwenye viatu vya watoto. Mpaka naandika haya wameshajiandikisha watatu. Wa nne ameleta jina lake jana jioni, ni mama mkwe wa mmoja wao.